Hodi kwenye Nyumba Isiyo na Paa

Kuta zinalia tena. Ndivyo tunavyosema mimi na Mama kila mwaka upepo wa kusini unaporudi na unyevu wake, na Guangzhou nzima ikaanza kutoka jasho. Vioo vinatoka jasho, sakafu inatoka jasho, nguo ulizozianika Jumatatu unazianua Ijumaa zikiwa mbichi kuliko ulivyozianika. Wachina wana jina la majira haya, huinantian, na wana amri moja tu juu yake: usifungue dirisha. Juzi nilifungua. Nilikuwa nimetoka shule na akili yangu iko kwingine, na nilipogeuka, ukuta wa sebuleni, ule ulio nyuma ya kochi, ulikuwa unachuruzika kama uso wa mtu. Nikausogelea. Nikaunusa. Msinicheke. Ndiyo, nilinusa ukuta.

Ulinukia chokaa iliyolowa, na nyuma ya chokaa kitu kingine cha baridi, kama sarafu uliyoiweka mdomoni ukiwa mdogo. Hapo hapo sikuwa tena ghorofa ya sita, mtaa wa Dengfeng, na kelele za wauza simu chini ya dirisha. Nilikuwa na miaka saba, nimevaa koti la kaka yangu lililonifika magotini, nimesimama mbele ya mlango wa mawe ambao haukuwa na ubao wala komeo, mashambani huko Uingereza, na mvua inaanza.

Nikiandika huwa najifanya kuna mtu wa rika langu anasoma, kwa sababu kuongea na watu wa rika langu ana kwa ana nashindwa. Ulimi unakuwa mzito, masikio yanapata moto. Basi wewe unayesoma, jua kwanza kwamba siku tatu kabla ya ukuta kulia, Baba alinitumia ujumbe wa sauti. Baba yuko Uingereza. Alibaki kule tulipoondoka. Alisema, "Mwanangu, kuna shule nzuri hapa jirani, na chumba chako kipo. Njoo umalizie huku miaka miwili iliyobaki. Zungumza na mama yako, kisha unijibu. Nakusubiri."

Mama nilimwambia jikoni, kwa sababu jikoni huwa ananipa mgongo, na mtu akinipa mgongo naweza kusema. Akazima jiko. Akasema, "Umeshakuwa mkubwa. Mimi sikuvuti wala sikusukumi." Kisha akawasha jiko tena. Kesho yake akaenda Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, kama kawaida kuwanunulia wateja wake wa Mombasa na Nairobi wanasesere na penseli, na neno hilo halikutajwa tena nyumbani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua. Nitakwenda. Na sababu yangu, ambayo sikumwambia mtu, haikuwa shule wala chumba. Ilikuwa neno moja nililoitikiwa siku ile kwenye mvua.

Kabla hatujaenda Uingereza tulikuwa Mombasa, nyumbani kwa Bibi, mama yake Mama. Bibi alinifundisha mambo mengi nami nimeyasahau mengi, lakini hodi sikuisahau. Nyumba ya mtu haiingiwi hivi hivi. Unasimama pembeni, si katikati ya mlango, unapiga hodi. "Ya kwanza wakusikie," alikuwa akisema Bibi, "ya pili wajistiri, ya tatu wakukaribishe au unyamaziwe. Ukinyamaziwa, geuka urudi ulikotoka, na usikasirike." Mimi nilikuwa mtoto wa kushika amri. Nikitumwa kwa jirani kuomba chumvi, nikapiga hodi tatu asinisikie kwa sababu ya redio, nilirudi bila chumvi, na Bibi alikuwa akishindwa kunigombeza kwa sababu maneno ni yake mwenyewe.

Uingereza hakuna hodi. Kuna kengele ya mlangoni, na anayefungua haambii mtu karibu, anasema tu jina la siku: ni njema, ni ya baridi. Nilikaa kule miaka miwili nikiwa na hodi kifuani isiyo na mahali pa kwenda.

Baba alikuwa anasomea ukarabati wa majumba ya kale. Alipenda mawe kama watu wengine wanavyopenda mpira. Akiona ukuta wa zamani alikuwa akiuweka kiganja, anafumba macho, kisha anajinusa vidole na kusema, "Chokaa safi hii." (Kwa hiyo nilipounusa ukuta wetu juzi sikuanza mimi.) Mama alikuwa akifanya kazi ya usafi katika maofisi ya watu, na alipenda vitu vichache sana vya nchi ile. Alipenda blanketi la umeme na maziwa ya chupa. Mawe hakuyapenda. Alisema, "Ya kwetu tumeyaacha yanabomoka, tumekuja kuyapangusa ya wenzetu."

Asubuhi moja Baba alikuja na gari la kuazima kwa mwanafunzi mwenzake, gari dogo la kijani ambalo hita yake ilinuka soksi. "Leo tunatembea," akasema. "Nataka wanangu waione nchi kabla ya..."

"Kabla ya nini?" akauliza Twaha. Twaha ni kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na alikuwa anauliza kila kitu, hata kisichoulizwa.

"Kabla ya mvua," akasema Mama, akafunga zipu ya koti langu mpaka ikanibana kidevu.

Nami nikaamini. Njia nzima nikawa naitazama mbingu, nikihesabu mawingu, nikimwombea Baba mvua isinyeshe. Niliona kwamba mambo yote ya siku ile yalitegemea mvua. Walivyokuwa hawaongei kule mbele, walivyokuwa wanajibizana kwa "mm" na "haya," nilidhani wote wawili wanaihofia mvua kama mimi.

Kwanza tulikwenda kanisa moja dogo lililokuwa katikati ya malisho, na kondoo wakilala juu ya makaburi bila adabu yoyote. Ndani kulikuwa na mtu wa mawe amelala chali, amevaa chuma mwili mzima, na mkewe wa mawe amelala pembeni yake. Miguuni kwa mume kulikuwa na mbwa mdogo, naye wa mawe, pua imelika. Mume na mke walikuwa wameshikana mikono. Nilidhani wamelala kweli na wataamka tukipiga kelele, basi nikanong'ona, "Baba, wamelala toka lini?"

"Toka zamani sana, mwanangu. Miaka mia kadhaa."

"Na bado wamelala upande mmoja," akasema Mama. "Mashallah. Kuna wengine hata usingizi umewashinda kugawana."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni. Mimi nilimhurumia yule mke wa mawe kwa sababu mkono wake ulionekana wa baridi.

Tukatoka, tukaenda kwenye ngome iliyobaki mnara mmoja. Twaha akapanda ngazi akashuka, akapanda akashuka, akitangaza kwamba yeye ni sultani na sisi ni mateka. Mvua ilikuwa bado. Nilianza kupata matumaini.

Mahali pa tatu ndipo palepale penye mlango wa mawe. Sijui jina lake na sijawahi kumuuliza Baba, naogopa likiwa na jina litakuwa dogo. Mnaacha gari chini ya miti, mnapita kibanda cha tiketi ambacho siku ile kilikuwa kimefungwa, mnapanda kilima kidogo, halafu nyumba inasimama mbele yenu ghafla. Kubwa kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuona. Kuta ndefu, matao juu ya matao, madirisha yenye umbo la majani lakini bila vioo. Na juu, hakuna kitu. Mbingu tu. Sakafu yake ilikuwa nyasi, kijani kibichi, zimekatwa vizuri kama zulia la msikiti.

"Paa limekwenda wapi?" nikauliza.

Baba akafurahi. Alikuwa akisubiri mtu amuulize. "Hapa walikuwa wanaishi watawa," akasema. "Wanasali, wanalima, wanafuga. Halafu akatokea mfalme aliyegombana na mkewe. Akataka kumwacha. Wakubwa wa dini wakamwambia haiwezekani. Mfalme akakasirika, akazifunga nyumba zote za watawa nchi nzima, akawafukuza, akaziezua paa auze risasi."

"Paani kulikuwa na risasi?" akaruka Twaha. "Walikuwa na bunduki ngapi?"

"Risasi ya madini, wewe, si ya bunduki. Bati zito lile. Wakishaezua, mvua ndiyo inayomaliza kazi."

Mama alikuwa amesimama kando, kikapu cha chakula mkononi. Akasema taratibu, si kwa Twaha, si kwangu, "Ndivyo ilivyo. Mwanamume akitaka lake, wengine na wanyeshewe."

Baba akaukazia macho ukuta. Tone la kwanza likanianguka puani. "Mwavuli nimeuacha garini," akasema, akateremka kilima. Mama akaweka kikapu chini, akaenda upande mwingine, akifuata ukuta kwa nje, buibui lake likipeperuka, mpaka akapotea kwenye kona. Tukabaki watoto wawili na nyumba ile kubwa.

Twaha alipita chini ya tao mbio, akaingia ndani. Mimi nikabaki nje. Kuna kitu kilinishika miguu. Palikuwa na kizingiti cha jiwe, kimelika katikati kama kijiko kwa nyayo za watu, na nikajua: hapa watu walikuwa wanaingia. Hii ni nyumba ya watu. Nikasimama pembeni, si katikati, kama nilivyofundishwa.

"Hodi," nikasema.

Twaha akasimama katikati ya nyasi. "Unampigia nani hodi?"

"Wenyewe."

"Wenyewe gani? Wamefukuzwa na mfalme! Hata mlango hakuna, unabisha wapi? Mshamba we! Njoo!"

"Hodi," nikasema tena, kwa sauti kidogo. Ya pili wajistiri. Nikageuza uso pembeni wajistiri. Mvua sasa ilikuwa inagonga kofia ya koti langu. Twaha akachoka nami, akakimbia mpaka mwisho wa nyumba, akajificha chini ya tao moja.

Nawaambia ukweli: ile ya tatu niliiogopa. Ya tatu ndiyo hukumu. Nilijua nikinyamaziwa itabidi nirudi, na nilitaka kuingia kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka kukanyaga nyasi zile ndani ya nyumba. Nikavuta pumzi, nikasema, "Hodi jamani," na sauti ikakatika katikati.

Kimya. Mvua. Kunguru mmoja juu ya ukuta akajikung'uta. Nikahesabu mpaka kumi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Bibi, nikageuka nirudi kwenye gari.

Ndipo nilipoitikiwa. Sauti ilitoka ndani ya ukuta wenyewe, nzito, ya chini, yenye maji, kama mtu anayeongea kutoka kisimani.

"Karibu," ikasema. "Karibu mwanangu. Ingia ndani usinyeshewe."

Sikuogopa. Hilo ndilo ninalolishangaa mpaka leo, mimi ninayeogopa hata kumwambia mwalimu sikusikia swali. Nilivua viatu vyangu nikaviweka pembeni ya kizingiti, nikaingia kwa mguu wa kulia, soksi zikalowa palepale, nikasema, "Ahsante," nikaketi kwenye nyasi kwa heshima. Niliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba watawa wa Kiingereza wanajua Kiswahili. Wangejua nini kingine? Hodi niliwapigia kwa Kiswahili.

Halafu Baba alitokea na mwavuli. Katika kumbukumbu yangu anatokea nyuma ya ukuta, anatabasamu, anakung'uta maji. Mama naye akaja, macho mekundu ya upepo. Baba akanikuta nimevua viatu akauliza kulikoni, Twaha akasema nimerukwa na akili, na Mama akasema, "Mwache." Tukakusanyika wanne chini ya tao lililokuwa na kipande cha dari, tukatandika mfuko wa plastiki, tukala mahamri ya baridi na chai ya chupa iliyonuka kizibo. Mwavuli ulikuwa mmoja, umevunjika ubavu mmoja. Bega langu la kulia lilikuwa kwa Baba, la kushoto kwa Mama, Twaha amelala mapajani mwa wote. Mvua ilikuwa inaingia mpaka hatua moja kutoka miguuni petu na kusimama hapo, kama nayo inasubiri kukaribishwa. Hiyo ndiyo picha. Kama ningeulizwa nirudishwe wapi, ningesema hapo, kwenye plastiki ile, na soksi mbichi.

Tukirudi, ndani ya gari, waipa za kioo zikienda na kurudi, nikakumbuka hadithi ya mfalme. Nikafikiri. Nikauliza, "Baba, kwani ninyi mkigombana, na ya kwetu itaezuliwa?"

Waipa zikaenda, zikarudi. Mama akaangalia dirishani, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani anacheka, nikacheka nami. Baba akasema, "Lala, mwanangu, bado mbali."

Wiki zilizofuata nililala na koti la mvua chini ya mto. Kila jioni nilikuwa nalitazama dari, kona kwa kona, nione kama wameanza. Hawakuanza na dari. Walianza na masanduku. Baba alikuwa amepata kazi kule na alitaka kubaki. Mama alikuwa amechoka na alitaka kurudi. Nami nilisimama uwanja wa ndege nikimwambia Baba atuletee mvua kidogo akija. Hakuja. Tulikaa Mombasa kwa Bibi. Kisha Mama akaingia biashara ya China, akanichukua, Twaha akabaki na Bibi kwa ajili ya shule, na mpaka leo yuko huko anajifunza ufundi wa meli na kunitumia vichekesho visivyochekesha.

Nilipofika miaka kumi hivi nilielewa kwamba mawe hayaongei. Nikafikiri nani basi, nikapata jibu: Baba. Nani mwingine? Sauti nzito ya kiume, na mzaha wa kujificha ni wa kwake. Alizunguka nyuma ya ukuta makusudi, na mvua ile, ili bintiye asirudi. Jibu hilo lilinitosha. Simu zake zilipokuwa chache, nikawa najipa moyo: huyu ndiye aliyeniitikia hodi ya tatu. Alipooa tena, nikasema hivyo hivyo. Mtu akinyamaza miezi miwili si kwamba hayupo. Yuko nyuma ya ukuta.

Hapa kwetu ghorofa ya sita Mama ana ufunguo, lakini hautumii. Anarudi kutoka sokoni mikono imejaa mifuko ya sampuli, anapiga mlango kwa ncha ya kiatu na kuita, "Hodi! Hodi huko!" Namfungulia bila neno. Nimezoea. Wakati mwingine husema, "Siku moja utaniitikia na mimi." Bibi mmoja wa Kichina wa ghorofa ya tano, anayekaa ngazini akichambua mboga, amesikia hivyo miaka yote, na anaamini kwamba Hodi ndilo jina langu. "Huodi!" ananiita kwa Kichina nikipita, "Huodi, umekula?" Sikuwahi kumsahihisha. Kumsahihisha kungehitaji sentensi nne.

Basi juzi, ukuta unalia, Mama akarudi akanikuta nimesimama nauangalia. Akafunga dirisha akinigombeza, akaleta vitambaa viwili, tukaanza kupangusa. Alikuwa amenipa mgongo. Nikapata nafasi.

"Mama, unakumbuka yale magofu? Siku ya mvua, Baba aliponiitikia hodi?"

"Alikuitikia wapi?"

"Pale. Alipojificha nyuma ya ukuta akasema karibu."

Akaacha kupangusa. "Baba yako? Baba yako alikuwa garini anapigana na mwavuli."

"Alikuwa nyuma ya ukuta, Mama. Nilimsikia."

"Nyuma ya ukuta," akasema Mama, "nilikuwa mimi."

Nikamwambia haiwezekani, ilikuwa sauti nzito, ya kiume. Mama akakamua kitambaa kwenye ndoo, pole pole, mpaka tone la mwisho.

"Nilikuwa nalia, mwanangu. Mtu akilia muda mrefu sauti inashuka. Nilikwenda kule ili msinione. Nikasikia hodi ya kwanza, nikasema Twaha atamwitikia. Ya pili, nikasema baba yake atakuwa ameshafika. Ya tatu nikasikia sauti yako imekatika, na nikajua hakuna mtu. Na ninakujua. Ungerudi ukasimama kwenye gari mpaka Kiyama. Nikapenga kamasi kwa buibui, nikasema karibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivua viatu," akasema Mama. "Mtu amevua viatu kwa heshima yote ile, nimwambie ni mimi tu?"

Nikakaa chini sakafuni, kwenye unyevu. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila Mama aliacha kitambaa akachuchumaa mbele yangu, na hilo halifanyi kwa sababu ya magoti. "Usimfanyie baba yako hasira kwa hili," akasema. "Hakukunyima. Alikuwa mbali tu, hakusikia."

Alikuwa mbali tu, hakusikia. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye daftari hili na kila mara inauma mahali tofauti.

Jana nilimtumia Baba ujumbe wa sauti. Niliurekodi na kuufuta mara sita. Kwenye wa saba nilijifungia bafuni. Sikumuuliza habari ya shule. Nilimuuliza kama anakumbuka hodi zangu. Alijibu jioni, na nyuma ya sauti yake nilisikia sahani na mtoto mdogo. "Hodi?" akasema. "Aa, mwanangu, nisikudanganye. Nakumbuka mvua. Nakumbuka ule mwavuli uliokataa kufunguka, nikakaa nao garini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hodi sikuisikia." Sahani zikalia. "Laiti ningeisikia."

Angeweza kusema ndiyo, ni mimi. Nilikuwa nimemfungulia mlango aseme hivyo. Hakusema, na nilimpenda kwa hilo, mapenzi mapya kidogo, ya mtu wa kweli mwenye mwavuli mbovu. Nikaiona picha yangu ikijipanga upya kichwani: Baba hatokei tena nyuma ya ukuta. Anapanda kilima kutoka upande wa magari, kama alivyopanda siku zote. Mimi ndiye niliyemhamisha.

Leo nimemjibu. Nimesema, "Baba, nitakuja likizo nikutembelee. Nitabisha hodi, na wewe ukae karibu na mlango. Lakini kukaa, nakaa huku." Sauti imekatika katikati lakini sikuifuta. Bado nalitamani lile zulia la nyasi. Bado nikifumba macho mabega yangu yote mawili yana mtu. Sidhani kama kutamani huko kutakwisha, na sijui kama nataka kwishe. Ila nimekuwa nikitamani kuvuka nusu ya dunia kumfuata mtu ambaye kila jioni anapiga mlango wangu kwa ncha ya kiatu.

Nimeandika mpaka hapa nikamsikia ngazini. Kwanza nimemsikia bibi wa ghorofa ya tano akimwambia kitu, wakacheka. Kisha nyayo, mifuko ikikwaruza ukuta, na pumzi za mtu aliyebeba penseli za shule nzima. Kiatu kikagonga mlango.

"Hodi!"

Nimeinuka. Nimekwenda mpaka mlangoni na mkono uko kwenye kitasa, na masikio yameshapata moto.

"Hodi huko!"

Sikufungua. Nimesubiri ya tatu. Imekuja ya chini, ya mtu aliyechoka, "Hodi jamani," na mimi nimeivuta sauti yangu kutoka kisimani, nzito, ya maji, nikasema, "Karibu. Karibu Mama. Ingia ndani usinyeshewe."

Halafu nikasikia mifuko yote inawekwa chini, mmoja mmoja, na baada ya mifuko, kiatu kimoja kinavuliwa, na cha pili.